Vijiko vilivyochakaa visiende kwa kilo

Hapa Madogo wanunuzi wa vyuma vikuukuu hupita mitaani na mikokoteni yao, wakinunua chochote kilicho chuma: sufuria iliyotoboka, gurudumu la baiskeli, kipande cha bati, na ndani ya gunia hilohilo vijiko, uma na visu vya meza vilivyochakaa. Bei ni ya kilo. Kijiko chembamba cha dukani kina uzito wa gramu 20 hadi 30 hivi, na kile kizito cha zamani ni gramu 50 au 60. Maana yake ni kwamba ili ufikishe kilo moja ya vijiko vyembamba unahitaji kutoa vijiko 30 na zaidi. Ukipokea malipo yako, hayatoshi hata kununulia kulabu mbili za kutundikia nguo katika duka la vifaa vya ujenzi.

Na kulabu yenyewe ni nini? Ni kipande cha chuma kilichokunjwa, chenye matundu mawili ya skurubu. Kijiko ni chuma tayari, kimeshalainishwa kingo, na mara nyingi ni chuma bora kuliko kile cha kulabu ya dukani. Tunauza kwa kilo kitu kizuri, kisha tunanunua kwa bei ya rejareja kitu duni kuliko tulichouza.

Kwa wasomaji walio Lamu, Malindi na Mombasa ambao hawajafika kwetu, Madogo ni mji wa Kaunti ya Tana River ulio ng'ambo ya daraja la Garissa, kwenye barabara kuu ya kutoka Thika. Mto Tana ndio unaotulisha na ndio unaotuhamisha. Mafuriko ya Novemba 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yalikata barabara kati yetu na Garissa na kuziingia nyumba nyingi za bondeni. Maji yalipopungua, watu walirudi wakakuta vyombo vyao vimefukiwa na matope. Godoro halifuliki likatakata, na unga ulioloa hautakuwa unga tena. Lakini chuma huoshwa. Kwa nyumba inayoanza upya, kujua la kufanya na sanduku la vijiko vyenye madoa si mchezo wa kupitisha wakati, ni akiba.

Basi nitaeleza mambo mawili: vijiko vya aina gani vinafaa kugeuzwa vifaa vya nyumbani na namna ya kuvigeuza, na chuma gani kisiruhusiwe kabisa kurudi chunguni.

Jua kwanza umeshika chuma gani

Vijiko vyetu vingi ni vya aina nne. Kuvitenganisha unahitaji sumaku ndogo, kwa mfano ile ya ndani ya spika mbovu ya redio, na macho yako.

Aina ya kwanza ni stenlesi nzuri. Geuza kijiko utazame nyuma ya mpini. Ukiona 18/10 au 18/8, tarakimu ya kwanza ni asilimia ya kromiamu na ya pili ni asilimia ya nikeli. Sumaku haikishiki kijiko hiki, au hukigusa kwa udhaifu tu. Hiki ndicho bora kwa kukunja.

Aina ya pili ni stenlesi isiyo na nikeli, ambayo wakati mwingine huandikwa 18/0. Sumaku hukishika kwa nguvu. Inafaa pia, ila hushika kutu upesi zaidi.

Aina ya tatu ni alumini. Utaijua kwa wepesi wake: kijiko ni kama hakina uzito, na mkono mtupu unaweza kukikunja. Sumaku haikigusi. Kwa kulabu ya kubeba mzigo hakifai, kwa sababu kitanyooka au kitakatika.

Aina ya nne ni vile ambavyo wazee wetu waliviita vijiko vya fedha. Hapa pana mengi ya kueleza. Ukiona herufi EPNS, hicho si kijiko cha fedha. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha juu kwa umeme, utando mwembamba sana. Ndiyo maana vijiko hivyo vikichakaa huonyesha rangi ya njano mahali panaposuguliwa zaidi. Lakini ukiona 925, simama. Hiyo ni fedha yenye sehemu 925 kati ya 1000. Usitie msumari, usitie tupa. Mpelekee sonara unayemwamini akipime, kwa maana thamani yake ni ya fedha, si ya kilo ya chuma.

Pwani hii inalijua jambo hilo tangu zamani. Riale ya Maria Theresa, ile sarafu ya Austria yenye mwaka 1780 iliyozunguka kuanzia Ethiopia na Oman hadi mwambao wetu, ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi na fedha sehemu 833 kati ya 1000. Masonara waliiyeyusha wakatengeneza vikuku, pete na mikufu. Sarafu iliyokwisha kazi sokoni ilianza kazi mpya mkononi mwa bibi harusi. Wala si fedha peke yake. Kifuu cha nazi tulikifanya upawa na kata, mkebe wa maziwa tukaufanya koroboi, tairi tukalifanya makubadhi. Kugeuza kijiko kuwa kulabu ni kuendelea na desturi hiyo.

Mbona stenlesi inashika kutu?

Hili ni swali ninaloulizwa mara nyingi, hasa na waliookoa vyombo vyao kwenye matope. Jibu lake litakusaidia kuamua kijiko kipi ukikunje na kipi urudi kulia.

Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ile kromiamu iliyomo hushikana na hewa ikafanya utando mwembamba usioonekana. Utando huo ukikwaruzwa, hujirudisha wenyewe iwapo chuma kinapata hewa. Adui wake mkubwa ni chumvi. Maji ya kisima chenye chumvi, upepo wa bahari, na dawa ya klorini ikiachwa ikae juu ya kijiko, hutoboa utando huo mahali padogo padogo. Matope pia huzuia hewa, basi utando haujirudishi. Matokeo yake ni vile vidoa vya hudhurungi na vishimo kama vya sindano.

Kijiko kilichotoka kwenye maji ya mafuriko kioshwe kwa sabuni, kichemshwe kwenye maji safi, kisha kikaushwe kwa kitambaa. Ukikisugua na madoa yakatoka, kinarudi mezani. Kikiwa na vishimo ambavyo uchafu unaweza kujificha, kiondoe mezani. Hapo ndipo kinapoingia katika kazi ninayoieleza.

Zana na namna ya kukunja

Zana si nyingi: koleo mbili, nyundo, tupa, msasa, gogo la mti mgumu na kipande cha bomba la maji. Ukiwa na jiliwa ni vizuri zaidi. Keekee ya umeme itahitajika kwa matundu, na kama huna, fundi wa madirisha atakutobolea vijiko kumi kwa wakati mmoja.

Kanuni ya kukunja ni moja: kunja mara moja, polepole, kwa kuzungusha kwenye bomba. Usikunje kisha ukanyoosha kisha ukakunja tena. Chuma kila kinapokunjwa huwa kigumu zaidi mahali pale, na kikirudishwarudishwa hukatika. Jaribu na waya utaona. Kwa hiyo amua umbo kabla ya kuanza. Chora kwenye karatasi, weka alama kwenye mpini kwa kalamu, ndipo ukunje. Funga kitambaa kwenye meno ya koleo ili usikwaruze kijiko.

Kichwa cha kijiko kinasawazishwa juu ya gogo kwa nyundo, kidogo kidogo, kuanzia kingo kuelekea katikati. Ukikipiga katikati kwa nguvu kitajikunja vibaya.

Kutoboa stenlesi ndiko kunakowashinda wengi. Wanazungusha keekee kwa kasi, chuma kinapata moto, kinakuwa kigumu, na ncha ya keekee inaungua. Fanya kinyume chake: zungusha taratibu, kandamiza kwa nguvu, tia tone la mafuta. Piga kwanza alama ya msumari ili ncha isiteleze. Na kijiko kibanwe kwa jiliwa au koleo, kisishikwe kwa mkono, maana kikikamatwa na keekee huzunguka kama panga. Vaa miwani ya kazi. Watoto wakae mbali.

Usitie motoni kijiko chochote kilichopakwa madini mengine juu, wala cha EPNS. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi unaoleta homa na kubana kifua. Kazi zote nilizozieleza hapa hufanywa chuma kikiwa baridi.

Visu vya meza viache jinsi vilivyo. Bapa lake limefanywa gumu kwa ajili ya makali, na ukilikunja litakatika na kuruka.

Vifaa vitano vya kuanzia

Cha kwanza, na kwangu ndicho cha maana zaidi, ni kulabu za chandarua. Baada ya mafuriko, madimbwi hubaki na mbu huzaana humo. Vyandarua hugawiwa, lakini nyumba nyingi hazina mahali pa kuvifunga, na chandarua kilichokunjwa kabatini hakimzuii mbu. Chandarua cha mstatili hutundikwa kwa pembe zake nne, kwa hiyo unahitaji vijiko vinne. Sawazisha kichwa, toboa matundu mawili, kunja ncha ya mpini iwe kama herufi J, kisha ipige tupa na msasa mpaka iwe laini. Ipitishe kwenye kipande cha leso kuukuu: ikinasa uzi, bado. Funga kwa skurubu kwenye boriti au mwimo wa mbao. Nyumba za udongo zifungwe kwenye mti wa ukuta, si kwenye udongo wenyewe.

Cha pili ni kulabu za nguo na vyombo. Namna ni ileile, ila chagua vijiko vizito na mkunjo uwe mpana. Vitatu au vinne vikipangwa kwenye ubao mmoja vitabeba buibui, taulo, mkoba wa shule na funguo. Uma nao hupendeza: kunja meno mawili ya katikati kuelekea mbele, yale ya pembeni yaache wima.

Cha tatu ni vishikio vya droo na milango ya kabati. Toboa tundu moja kwenye kichwa na moja kwenye ncha ya mpini, kisha kunja mpini upinde ili vidole vipite chini yake. Pima umbali wa matundu ya kishikio cha zamani kabla hujatoboa, usije ukaharibu droo.

Cha nne ni kibanio cha makaa ya chetezo. Kila nyumba ya Pwani inayofukiza udi na ubani inajua taabu ya kubeba kaa la moto kwa uma. Chukua vijiko viwili vya stenlesi vinavyolingana. Weka kipande cha mti, unene wa kidole kidogo, katikati ya ncha za mipini, toboa vyote vitatu, funga kwa bolti mbili ndogo. Vichwa vitakaa vimeachana na kutazamana, na ukibana vitakutana. Stenlesi hupitisha joto polepole kuliko alumini au shaba, kwa hiyo mkono hautaungua upesi. Usitumie alumini wala EPNS kwa kazi hii.

Cha tano ni vifaa vya kitalu. Sisi wa kando ya mto hupanda nyanya, vitunguu na miche ya embe. Uma uliokunjiwa meno pembe mraba na kufungwa kwenye kipini cha mti ni reki ndogo ya kupalilia kati ya miche bila kukata mizizi. Kisu cha meza kisicho na makali kinafaa kung'olea mche pamoja na udongo wake. Na vijiko vya alumini visivyofaa kulabu, visawazishe, uandike kwa msumari jina la mbegu na tarehe ya kupanda, uvichomeke kwenye tuta. Maandishi hayo mvua haiyafuti.

Chuma gani kisirudi chunguni

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ningependa lisomwe hata na asiye na haja ya kulabu.

Yako mazoea ya kuyeyusha alumini ya kila aina na kuimimina iwe sufuria, miko na vijiko vipya. Kazi hiyo inawalisha mafundi wengi Afrika nzima, na siwabezi. Lakini ndani ya chungu cha kuyeyushia huingia vipande vya injini, rejeta za magari na sehemu za vyombo vya umeme, na humo mna risasi. Risasi haionekani na haina harufu. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwamo. Walivichemsha na maji yaliyotiwa asidi kidogo mfano wa chakula, na karibu theluthi moja ya vyombo hivyo vilitoa risasi kwa kiwango cha kutia wasiwasi.

Asidi ndiyo inayochokoa madini. Na mapishi yetu yana asidi nyingi: ukwaju, ndimu, nyanya, achari ya embe mbichi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa sababu huathiri ubongo unaokua.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Vijiko na sufuria za alumini iliyomiminwa kwa skrepu usipikie vyakula vichachu, wala usihifadhie chakula humo usiku kucha. Kwa ukwaju na achari tumia chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa, stenlesi, au kioo. Kijiko cha EPNS kilichobanduka fedha kisirudi mezani. Na kitu chochote ulichokipiga tupa, ukakipaka rangi au ukakitumia shambani, kimekwisha kuwa kifaa cha kazi nyingine. Ukutani, kwenye droo na kitaluni chuma hakimdhuru mlaji. Huko ndiko kilikofaa kwenda.

Je, kuna riziki ndani yake?

Vijana wananiuliza kama hii inaweza kuwa biashara. Hesabu ni rahisi kuifanya mwenyewe. Chukua bei ambayo mwenye mkokoteni anakupa kwa kilo ya vijiko, ulinganishe na bei ya kulabu moja dukani. Vijiko 20 vizito ni kilo moja, na ni kulabu 20. Toa gharama ya skurubu, msasa na kutobolewa matundu. Kinachobaki ni ujira wa mikono yako. Si utajiri, lakini ni kazi ambayo mtu huianza na koleo mbili chini ya mwarobaini.

Jihadhari na jambo moja. Ukianza kununua vyuma kutoka kwa watu, unaingia katika biashara yenye sheria. Kenya ina Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya mwaka 2015, na mfanyabiashara wake huhitaji leseni. Mnamo Januari 2022 milingoti ya njia ya umeme kutoka Kiambere, bwawa lililo kwenye mto wetu huuhuu wa Tana, kwenda Embakasi ilianguka na nchi ikaingia gizani. Hujuma ya wezi wa vyuma ikalaumiwa, na serikali ikapiga marufuku biashara yote ya vyuma vikuukuu hadi Mei mwaka huo. Walioumia ni pamoja na mafundi wadogo ambao hawakuwahi kugusa mlingoti. Basi nunua vijiko majumbani, kwa watu unaowajua, na usimpokee mtoto anayekuletea chuma asichoweza kueleza kimetoka wapi.

Anayetaka kuanza aanze na chandarua cha mtoto aliye nyumbani mwake. Vijiko vinne, skurubu nane, na saa mbili za mchana. Usiku huohuo ataona kama ulikuwa wakati uliopotea au la.